Soma lami kabla hujafungua pochi: tairi, difu, uzito au wilibaa kwa gari la dragi linalovuta kwa mbele

Mara ya kwanza nilipokimbiza Honda Civic yangu, inayovuta kwa tairi za mbele, robo maili ya dragi, yaani mbio za mstari ulionyooka, nilirudi kwa miguu hadi pale pa kuondokea nikitarajia kukuta alama mbili nyeusi. Nilikuta moja. Ya kulia, kama mita kumi na mbili hivi, nyeusi tii, hata ukiinama unanusa mpira. Upande wa kushoto lami ilikuwa safi utadhani hakuna tairi lililopita. Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nimeambiwa gereji kwamba dawa ya kuteleza ni springi ngumu za nyuma na kuinua matako ya gari. Springi zilikuwa zimeshafungwa, hela imeshaondoka, na gari lilikuwa linavuta kwa tairi moja.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue nini kwanza, namrudisha kwenye lami. Alama moja ni ugonjwa wa difu, yaani gia zinazogawa nguvu ya injini kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Alama mbili ndefu zilizonyooka ni tairi hazishiki, au mguu wako ni mzito mno. Alama za nukta nukta, kama cherehani imepita, maana yake gurudumu linadunda, na hapo hesabu siku za draivu shafti zako, vyuma vinavyopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu. Kila ugonjwa una dawa yake, na dawa hizi hazilingani nguvu hata kidogo. Ndiyo maana nimeamua kuziweka kando kwa kando.

Kwa nini gari la mbele lina kesi

Gari likichomoka, uzito unahamia nyuma. Kwa linalosukuma kwa nyuma hiyo ni neema: kadiri linavyochomoka ndivyo tairi za kazi zinavyokandamizwa chini. Kwa letu ni kinyume. Kadiri tairi za mbele zinavyofanya kazi nzuri ndivyo zinavyonyang'anywa uzito.

Kiasi kinachohama kinapatikana kwa hesabu ya darasani: uzito wa gari, mara mchapuko, mara urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini, gawanya kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Chukua Civic ya toleo la EK, ambayo umbali huo ni mita 2.62. Tuseme ina kilo 1,000 pamoja na dereva, kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya lami, na asilimia 60 ya uzito iko mbele. Ikichomoka kwa 0.5 g, yaani nusu ya mchapuko wa kitu kinachoanguka, kilo 95 zinahama. Mbele palikuwa na kilo 600, sasa pana 505.

Tazama kilichokosekana kwenye hesabu hiyo: ugumu wa springi. Haumo. Springi ngumu za nyuma zinazuia gari lisikae chini kama mbwa, zinabadilisha uzito unahama kwa haraka kiasi gani, lakini gari likishatulia kwenye mchapuko wake, kilo zinazohama ni zilezile. Jambo hili limewagharimu watu wengi, mimi nikiwemo.

Na kuinua nyuma je? Nilikuja kupiga hesabu baadaye, kwa uchungu. Ukiinua nyuma sentimita 5, gari linainama mbele kidogo na unahamishia mbele kilo mbili, ukibahatika nne. Lakini kitovu cha uzito nacho kimepanda kama sentimita 2, na kwa 0.5 g hiyo peke yake inakurudishia nyuma karibu kilo nne. Umetoka sare, au umefungwa. Tairi zikishika vizuri na mchapuko ukipanda, unafungwa zaidi.

Dawa zote kwenye mizani moja

Hapa chini ni mchapuko wa juu kabisa ambao gari hilohilo linaweza kufikia kabla tairi hazijaanza kuteleza, nikibadilisha kitu kimoja tu kila mara. Nimechukulia kwamba tairi zote mbili za mbele zinavuta sawa, yaani difu si tatizo. Wilibaa ni fito zenye vigurudumu zinazofungwa nyuma ya gari, nitaieleza huko chini. Msuguano wa 1.0 ni tairi nzuri ya barabarani kwenye lami kavu, 1.5 ni tairi ya dragi iliyopashwa moto kwenye lami iliyoandaliwa.

| Mabadiliko | Mchapuko wa juu |
|---|---|
| Gari kama lilivyo, msuguano 1.0 | 0.50 g |
| Kitovu cha uzito kishuke sm 5 | 0.51 g |
| Uzito wa mbele uongezeke kutoka 60% hadi 65% | 0.55 g |
| Wilibaa ya m 1.2 ikibeba mzigo wote wa nyuma | 0.64 g |
| Tairi za msuguano 1.5 | 0.70 g |
| Tairi hizo pamoja na wilibaa | 0.91 g |

Ili ujue tunashindana na nani: gari la nyuma lenye vipimo hivyohivyo, lakini asilimia 45 ya uzito ikiwa nyuma, linapata 0.56 g kwa msuguano wa 1.0 na 0.95 g kwa 1.5. Kwa tairi za kawaida tofauti yetu ni ndogo. Tairi zikiboreka wao wanapaa, sisi tunapanda ngazi. Ila tazama mstari wa mwisho wa jedwali: tairi na wilibaa kwa pamoja vinatuleta karibu kabisa na mlango wao.

Tairi: kipara cha makusudi, au kipara cha nusu

Barabarani tairi kipara ni kesi na polisi. Kwenye dragi ndiyo dawa ya kwanza. Uchaguzi wako ni kati ya mbili: tairi ya mashindano isiyo na michoro kabisa, au ile yenye michoro michache inayoruhusiwa barabarani, kama Toyo R888R.

Kipara kamili kina mpira laini na ubavu unaokunjamana. Unalijaza upepo kidogo, chini ya psi 20 (kipimo cha presha ya upepo), ubavu unajikunja wakati wa kuchomoka na kumeza ule mshtuko wa kwanza unaovunja vyuma. Lakini kwa mwendo wa kasi gari linayumba kama dau lisilo na mkuku, likigusa tone la mvua umekwisha, na huwezi kulitumia kwenda kazini Jumatatu. Angalia pia kimo. Tairi la 195/55 R15 lina kipenyo cha inchi 23.4. Ukifunga kipara cha inchi 24.5, umerefusha kila gia kwa karibu asilimia 5. Kwa injini ya tabo, inayoshindiliwa hewa ili itoe nguvu zaidi, ni zawadi, kwa sababu gia ya kwanza inapunguza ukali. Kwa injini ndogo isiyo na tabo unaweza kukuta gari limekuwa zito kuondoka.

Tairi ya nusu kipara haikufikishi 1.5, lakini unakwenda nayo uwanjani na kurudi nayo nyumbani. Kwa gari la chini ya nguvu farasi 250 hivi, mimi ningeishia hapo.

Nyuma ni kinyume kabisa: tairi nyembamba, ngumu, zilizojazwa hadi psi 40 na zaidi. Zile hazina kazi ila kubingirika. Niliwahi kuona mtu amefunga tairi pana nne zinazofanana kwa sababu "zinapendeza". Zinapendeza kweli. Anakokota mpira mpana kwenye ekseli isiyovuta chochote.

Na kuzipasha moto ndipo gari la mbele linapowashinda wenzake kwa urahisi: vuta breki ya mkono, ingiza gia, zungusha za mbele zikiwa papo hapo. Mwenye gari la nyuma anahitaji kifaa maalumu cha kufunga breki za mbele ili afanye vilevile bila kuumiza breki za nyuma.

Difu: hapa ndipo alama moja inapopona

Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa kwa magurudumu mawili. Inaonekana haki, hadi upande mmoja ukanyage mchanga. Hapo upande wenye mshiko nao unapewa kiasi kilekile kidogo kinachobebwa na upande unaoteleza. Unachopata ni mara mbili ya tairi dhaifu. Ndiyo habari ya ile alama yangu ya kulia.

Difu ya meno ya mshazari, aina ya Quaife au ile Honda waliyoweka kwenye Integra Type R ya 1995 na Civic Type R ya 1997, inamwongezea mwenye mshiko kwa uwiano fulani, tuseme mara tatu, wa kile anachobeba mdhaifu. Haina klachi za kulika, haipigi kelele, usukani unabaki wa kibinadamu. Udhaifu wake ni mmoja: gurudumu moja likining'inia hewani kabisa, mara tatu ya sifuri ni sifuri. Lakini kwenye dragi ya lami iliyonyooka magurudumu yote yako chini, kwa hiyo udhaifu huo haukusumbui sana.

Difu ya klachi, kama za kampuni za Cusco, Kaaz au OS Giken, inafunga kwa nguvu zaidi na haijali upande mmoja kuning'inia. Bei yake unailipa baadaye: oili maalumu, kubadilisha klachi zake, mlio wa kukatika katika ukikata kona ya kuingia maegesho. Kwa gari la mashindano tu, ni sawa. Kwa gari la kubeba watoto shule, utachoka nayo ndani ya mwezi.

Halafu kuna kuchomelea. Fundi anafungua giaboksi, anapiga weldi gia ndogo za difu, magurudumu mawili yanakuwa kitu kimoja. Ni rahisi kuliko yote, na kwa mstari ulionyooka inafanya kazi. Ila kwenye gari la mbele, difu hiyo inakaa kwenye magurudumu yaleyale yanayokata kona. Usukani unakuwa wa kupigana nao, tairi moja linaburuzwa kila kona, na weldi ikipasuka vipande vinazunguka ndani ya giaboksi na kula kila jino vinalokutana nalo. Nimeshika kwa mkono oili iliyotoka kwenye giaboksi ya namna hiyo. Inang'aa kama rangi ya kucha. Anayetaka kufunga magurudumu moja kwa moja, kwa gari linalobebwa kwenye trela, anunue kipande kizima cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kati ya zote nne, mtu akinibana nitaje moja, ni ya meno ya mshazari.

Uzito: bure, lakini upande wake

Kuna kosa tumelikopi kutoka kwa wenye magari ya nyuma: kuhamishia betri kwenye buti. Kwao ni busara. Kwetu ni kubeba kilo 15 kutoka juu ya tairi zinazovuta na kwenda kuziweka juu ya tairi za mapambo. Iache betri ilipo.

Toa vya nyuma badala yake. Viti vya nyuma, mkeka, paneli za buti, jeki, spea. Spea ina raha ya pekee: kwa kuwa imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, inafanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya ubao wa pembea. Ukiitoa, mbele hapapungui kitu. Panaongezeka kilo kama mbili na nusu, na gari zima limekuwa jepesi. Ni dakika tano za kazi, na ndicho kitu cha kwanza ningefanya kabla hata ya kufungua boneti.

Kufikia asilimia 65 mbele si mchezo, lakini jedwali linaonyesha kwamba hata hatua ndogo kuelekea huko inashinda kushusha gari sentimita 5. Ukishusha kwa ajili ya sura, haya. Usiseme ni kwa ajili ya mshiko.

Kifua na mikono ya gari

Hapa napita haraka, kwa sababu vifaa hivi haviongezi kilo mbele. Vinazuia ulichonacho kisipotee. Gurudumu linadunda kwa sababu tairi linajisokota, linaachia, linashika tena, mara nyingi kwa sekunde, na bushi za mpira zilizozeeka zinacheza ngoma hiyohiyo. Bushi ngumu za poliurethani na fito za kushikilia mikono ya chini (vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi) isirudi nyuma vinaituliza ngoma. Shokapu za mbele zinazochelewa kunyooka zinazuia pua isiruke na kuharibu pembe za magurudumu. Na kumbuka kwamba tairi za mbele zikivuta hujivutia ndani, kwa hiyo kwenye mashine ya kupima usawa wa magurudumu omba ziachwe zimetazama nje kidogo. Zikianza kuvuta zitakuwa zimenyooka.

Ukiona alama za cherehani kwenye lami, anza hapa kabla ya kununua kitu kingine chochote. Draivu shafti ikikatika ikiwa na nguvu ya tabo, kipande chake kinaweza kutoboa giaboksi.

Wilibaa: kigari kilichofungwa mkiani

Watu wakiona fito mbili ndefu zenye vigurudumu zimetokeza nyuma ya Honda, wanacheka. Gari la mbele litanyanyuka pua lini? Swali ni zuri. Kwa magari ya nyuma wilibaa inazuia pua isipande angani. Kwetu inafanya kazi nyingine kabisa: inarefusha gari.

Kumbuka kwamba tunagawanya kwa umbali kati ya ekseli. Wilibaa ikitokeza mita 1.2 nyuma ya ekseli na kubeba mzigo wa nyuma badala ya tairi, umbali unakuwa mita 3.82 badala ya 2.62. Kilo zinazohama kwa 0.5 g zinashuka kutoka 95 hadi 65. Lakini faida kubwa zaidi iko hata kabla ya kuondoka: gari likiwa limesimama, egemeo likienda mbali nyuma, mbele panabeba kilo 726 badala ya 600. Ni kama ndoo ya maji mnayoibeba wawili kwa mti mmoja: wa nyuma akisogea mbali na ndoo, mzigo unamlemea wa mbele. Ukijumlisha, tairi za mbele zinabaki na kilo 661 wakati wa kuchomoka, dhidi ya 505 za gari lisilo na wilibaa. Hizo ni kilo 156, uzito wa watu wawili wazima wamekaa juu ya boneti, na gari halijaongezeka uzito ila wa fito zenyewe.

Kiuhalisia tairi za nyuma huachwa ziguse chini kidogo ili gari liende mbele kwa adabu, kwa hiyo hupati zote 156. Hata theluthi mbili yake inashinda chochote utakachofanya na springi.

Kwa nini basi kila mtu hafungi? Kwanza, si kila daraja la mashindano linairuhusu. Soma kanuni za uwanja wako kwanza. Pili, inataka bodi imara pa kujishikiza, na chuma cha chini ya buti ya Civic hakikutengenezwa kubeba hivyo. Lazima fito zifike kwenye chasisi yenyewe. Tatu, hutembei nayo barabarani.

Nani achukue nini

Wenye gari moja la kila kitu, linaloenda uwanjani mara tatu kwa mwaka: toa spea na viti siku ya mashindano, funga tairi nusu kipara mbele, weka difu ya meno ya mshazari giaboksi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine. Halafu jifunze klachi. Kuondokea mizunguko 4,000 ya injini kwa dakika ukiteleza klachi taratibu kunashinda kuondokea 7,000 ukifukiza moshi, na somo hilo halina risiti.

Kwa gari la wikendi lenye tabo, ongeza kipara kamili kwenye rimu za akiba, bushi ngumu, fito za mikono ya chini, na kompyuta ya injini inayoweza kupunguza presha ya tabo kwenye gia ya kwanza na ya pili. Hiyo ya mwisho watu huiona kama uoga. Nguvu usiyoweza kuikanyagisha chini haikusaidii. Inakuchorea lami tu. Hapa difu ya klachi inaanza kuwa na maana, ukikubali matunzo yake.

Na kwa gari la trela, ambalo muda wa futi 60 za kwanza ndio maisha yako, springi ngumu nyuma ili gari lisikae chini, kipande kizima cha chuma badala ya difu, na wilibaa. Ukifika hapo, rekebisha wilibaa kidogo kidogo, robo mzunguko wa skrubu kwa kila mbio, huku mwenzako akipiga video kutoka ubavuni usawa wa lami. Ukiikaza mno tairi za nyuma zinaning'inia, gari linakuwa na miguu miwili mbele na kijiti mkiani, na kwa kasi ya gia ya tatu linaanza kwenda linakotaka lenyewe.